Jicho la binadamu halijui kuficha

Miaka ya mwanzo ya sitini, huko Gombe mkoani Kigoma, mtafiti Jane Goodall alikuwa akiwapa majina sokwe walioanza kumzoea. Alikuwepo David Greybeard mwenye ndevu za mvi, akawepo Flo na watoto wake, akawepo Goliath aliyekuwa mbabe wa kundi. Akawepo pia dume mmoja aliyemwita Mr. Worzle. Huyu hakuwa na cheo kikubwa wala nguvu za kutisha. Kilichomtofautisha ni macho: yalikuwa na weupe kama ya binadamu. Goodall aliona jambo hilo linastahili kuandikwa, akaliandika, kwa sababu sokwe aliozoea kuwaona msituni kila siku walikuwa na rangi ya kahawia pale ambapo wewe na mimi tuna weupe.

Mtazame sokwe usoni, hata kwenye picha nzuri tu. Anakunja uso, anapepesa, kope zake ni kama zetu, na duara linalozunguka mboni linang'aa rangi ya asali. Lakini ukitaka kujua anatazama wapi utapata taabu kidogo. Duara hilo limezungukwa na kahawia iliyoiva, na kahawia hiyo inaishia kwenye ngozi nyeusi ya kope. Mara nyingi utalazimika kutazama kichwa chake kimeelekea wapi ndipo ujue. Kwa binadamu hakuna taabu hiyo. Mtu aliyekaa ng'ambo ya meza akitupa jicho kwenye simu yako, unajua hapo hapo, hata kama kichwa chake hakijasogea hata kidogo.

Tofauti hii imewashughulisha wanasayansi kwa karibu miaka 30 sasa, na naona ni miongoni mwa maswali mazuri kabisa yanayoweza kuulizwa kuhusu mwili wetu. Linahusu kiungo ambacho kila mmoja anacho, kila mmoja anakiona kwa mwenzake, na wachache sana hujiuliza kwa nini kiko hivyo.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Si kweli kwamba wanyama hawana weupe wa jicho. Ukuta wa nje wa jicho la mamalia yeyote, ule unaoitwa sklera, ni tishu ngumu ya nyuzi za kolajeni, na kwa asili tishu hiyo ni nyeupe. Hata sokwe mwenye macho ya kahawia huonyesha ukingo mweupe anapozungusha macho pembeni kabisa. Ng'ombe anao pia, ila umefichwa na kope na duara kubwa la jicho lake. Wafugaji wanaufahamu: mkamate ng'ombe kwa nguvu ili achanjwe, uone weupe unavyochomoza ghafla. Mwaka 2002 watafiti wa Norway walilipima jambo hili kwa ng'ombe wa maziwa. Walipowaonyesha chakula wanachokiona lakini hawakifikii, weupe wa macho uliongezeka. Waliopewa wakala, ukapungua. Kwa hiyo ng'ombe anayeonyesha weupe wa jicho ni ng'ombe mwenye shida. Sisi tunauonyesha kutwa nzima, hata tukiwa tumetulia tunasoma gazeti.

Kazi iliyofungua mjadala ni ya Wajapani wawili, Hiromi Kobayashi na Shiro Kohshima. Mwaka 1997 walichapisha taarifa fupi katika jarida la Nature, na mwaka 2001 wakatoa uchambuzi mrefu zaidi uliogusa macho ya aina 88 za wanyama wa jamii ya nyani, kuanzia vijinyani vidogo hadi gorila, pamoja na binadamu. Walipima upana wa jicho, urefu wake, sehemu ya sklera inayobaki wazi, na rangi ya sehemu hiyo. Binadamu alijitenga kwa mambo matatu. Jicho lake ni refu kwa ulalo. Sehemu ya sklera iliyo wazi ni kubwa kuliko ya jamaa zake wote. Na sehemu hiyo haina rangi, wakati kwa karibu wengine wote imefunikwa na kahawia.

Mambo mawili ya kwanza yana maelezo ya kimwili tu. Mnyama mkubwa anayeishi ardhini hutazama sana kushoto na kulia, na kuzungusha mboni ni kazi nyepesi kuliko kuzungusha kichwa kizito. Kope zikiachana kwa ulalo, mboni inapata nafasi ya kutembea. Jambo la tatu ndilo gumu. Kahawia ile ni melanini, na mwili unaingia gharama kuitengeneza. Ikiwa wanyama wengi kiasi hicho wanaibeba machoni, Kobayashi na Kohshima walisema, basi lazima ina kazi. Kazi waliyoipendekeza ni kuficha mtazamo.

Kuuficha kwa nani? Kwa adui, na kwa ndugu pia. Mfikirie sokwe wa daraja la chini aliyeona tunda zuri nyuma ya gogo wakati mbabe wa kundi amekaa pembeni. Akilikodolea macho, amelipoteza. Mwaka 2000 Brian Hare, Josep Call na Michael Tomasello walionyesha kwa majaribio kwamba sokwe mnyonge huwa anajua mkubwa wake anaona nini na haoni nini. Vikiwekwa vipande viwili vya chakula, kimoja wazi kwa wote na kingine kimefichika kwa mkubwa, mnyonge huelekea kile ambacho mkubwa hakioni. Mahali penye ushindani wa namna hiyo, jicho linalotangaza linachotazama ni hasara kwa mwenyewe.

Kwamba wanyama wanajali sana kuonwa, wafugaji wa Botswana wanao ushahidi. Pembezoni mwa delta ya Okavango, simba na chui hushambulia ng'ombe kwa kuvizia. Watafiti wakishirikiana na wafugaji hao walichora macho makubwa kwenye makalio ya baadhi ya ng'ombe, kwa rangi nyeusi na nyeupe au ya njano, jicho moja kila upande. Wengine wakachorwa alama ya msalaba, wengine wakaachwa bila kitu. Kazi ilichukua miaka 4 na matokeo yakachapishwa 2020. Kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho, hakuna hata mmoja aliyeuawa na mnyama wa kuvizia. Kati ya 835 wasiochorwa chochote waliuawa 15. Kati ya 543 wenye msalaba waliuawa 4. Simba anayevizia akidhani ameonwa, anaacha. Nimeupenda utafiti huu kuliko mwingine wowote katika suala hili, kwa sababu ndoo ya rangi na brashi viko ndani ya uwezo wa mfugaji yeyote, na maisha ya simba nayo yanasalimika, kwa kuwa mfugaji ambaye hajapoteza ng'ombe hana sababu ya kutega sumu.

Basi kama kuficha mtazamo kuna faida kiasi hiki, binadamu alipataje kuishi na jicho linalomsema?

Jibu lililopata wafuasi wengi lilitoka Leipzig, Ujerumani, katika Taasisi ya Max Planck inayochunguza mabadiliko ya binadamu. Tomasello na wenzake, katika kazi ya mwaka 2007, walisema jicho la binadamu limeumbika kwa ajili ya ushirikiano. Anayewinda pamoja na mwenzake, anayemfundisha mtoto kuchonga jiwe, anayeonyesha mzinga wa nyuki bila kupiga kelele, ananufaika pale wenzake wanapojua anatazama nini. Watu wakitegemeana vya kutosha, hasara ya kusomwa inakuwa ndogo kuliko faida yake.

Jaribio lao lilikuwa jepesi kulielewa. Mtafiti aliketi mbele ya sokwe, gorila au bonobo, na kwa wakati mwingine mbele ya watoto wa binadamu wa miezi 12 na 18. Mara aliinua kichwa kutazama dari huku amefumba macho. Mara aliacha kichwa palepale akainua macho tu. Mara aliinua vyote. Nyani wakubwa walifuata zaidi kichwa: kichwa kikielekea juu, nao walitazama juu, macho yawe yamefumbwa au la. Watoto walifuata zaidi macho. Mtoto ambaye bado anajifunza kusimama tayari ameshajua kwamba habari iko kwenye mboni, wala haiko kwenye kisogo.

Na elimu hiyo inaanza mapema kuliko hapo. Teresa Farroni na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wenye umri wa siku 2 hadi 5, waliowekewa picha mbili za sura, hutazama zaidi sura inayowatazama kuliko ile iliyogeuza macho pembeni. Katika siku hizo mtoto anaona mambo kwa ukungu. Sura ya mama ni mawingu mawingu tu. Lakini doa jeusi katikati ya weupe ni kitu ambacho hata jicho changa linaweza kukikamata, na umbali kati ya titi na uso wa mama unatosha kabisa. Ukimwona mama ananyonyesha, mwangalie mtoto: mara nyingi macho yake yamepanda juu, yametulia kwenye macho ya mama.

Ubongo nao una njia ya mkato kwa ajili ya weupe huu. Mwaka 2004 Paul Whalen na wenzake waliwaonyesha watu weupe wa macho peke yake, bila uso, kwa muda wa milisekunde 17 tu, kisha wakaufunika na picha nyingine. Watazamaji hawakujua wameona nini. Hata hivyo amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, iliitikia zaidi weupe mpana wa macho yaliyojaa hofu kuliko weupe mwembamba wa macho yenye furaha. Ndiyo maana abiria mmoja wa daladala akitumbua macho kwa kitu kilicho nyuma yako, unageuka kabla hujafikiri.

Lakini hakuna haja ya maabara kuthibitisha jinsi tunavyoishi kwa macho ya wenzetu. Aliyelelewa katika nyumba za kwetu analijua jicho la mama mbele ya wageni. Sahani ya maandazi imeletwa, mkono wako umeshaanza safari, na mama anaendelea kuzungumza na mgeni kama kawaida, ila mboni zake zimeteleza pembeni mara moja. Hakuna neno, kichwa hakijageuka. Mkono unarudi mapajani. Mgeni hakuona kitu, au ameona na amejifanya hakuona, kwa sababu naye ana watoto. Katika vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe, mwanamke aliyejifunika nikabu anaingia dukani, na muuza vitambaa mzoefu anajua kama bei imemshtua au imemfaa. Ronaldinho aliwaumbua mabeki wa dunia nzima kwa kutazama kushoto na kupeleka mpira kulia. Ujanja ule ulifanya kazi kwa sababu beki ni binadamu, na binadamu huyafuata macho ya mwenzake apende asipende.

Hadi hapo habari inaonekana imekamilika: wanyama wanaficha, binadamu anaonyesha. Kwa takriban miaka 20 ilisimuliwa hivyo, vitabuni na darasani. Halafu watu wakaanza kurudi porini na kwenye picha na kuhesabu upya.

Mwaka 2015 Jessica Mayhew na Juan Carlos Gómez walionyesha kwamba baadhi ya gorila wana sklera nyeupe, na kwamba macho ya gorila hayafanani kama ilivyodhaniwa. Mwaka 2019 Juan Olvido Perea-García na wenzake wakachapisha ulinganisho wa macho ya binadamu, sokwe na bonobo. Bonobo, ambaye makazi yake ya asili yako Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee, kusini mwa mto Kongo, ana sklera iliyopauka kuliko ya sokwe. Na sokwe mwenyewe, walisema, hajifichi: duara lake la jicho ni jepesi na sklera yake ni nyeusi, hivyo tofauti ya rangi ipo, ila imegeuzwa. Kwetu sisi giza liko katikati na mwanga pembeni. Kwa sokwe mwanga uko katikati na giza pembeni. Miaka miwili baadaye Kai Caspar na wenzake, baada ya kupima binadamu, nyani wakubwa na giboni, walifikia hatua ya kusema kwamba rangi za macho katika ukoo huu hazionyeshi dalili ya kutengenezwa kwa ajili ya mawasiliano.

Kisha ikaja habari kutoka Uganda. Katika msitu wa Kibale, eneo la Ngogo, wanaishi sokwe ambao wamefuatiliwa na watafiti kwa miongo kadhaa. Isabelle Clark na wenzake walipitia picha zao, na mwaka 2023 wakaripoti kwamba takriban sokwe mmoja kati ya sita ana weupe angalau katika jicho moja. Mr. Worzle wa Gombe, kumbe, hakuwa ajabu ya dunia. Alikuwa na kitu ambacho jamaa zake wachache kila kizazi huzaliwa nacho.

Je, maelezo ya ushirikiano yameanguka? Kwa maoni yangu hayajaanguka, ila yamepunguzwa unene, na hilo ni jambo jema. Kazi inayonishawishi zaidi ni ya Fumihiro Kano na wenzake wa Japani. Wao walitazama kitu ambacho wengine walikiruka: mpaka. Kwa sokwe kahawia ya sklera haijatanda sawasawa. Inafifia hapa, inaiva pale, na pembeni inajichanganya na ngozi ya kope, hivyo umbo lote la jicho linapotea ukisogea mbali au mwanga ukipungua. Kwa binadamu mipaka yote miwili inaonekana, ule wa duara na weupe, na ule wa weupe na kope. Weupe wetu umetanda sare.

Mwaka 2022 walifanya jaribio. Waliwaonyesha watu na sokwe picha za macho, wawatambue wanaotazama pembeni. Baadhi ya picha zilikuwa ndogo, baadhi zilikuwa na giza. Kisha rangi zikageuzwa, sokwe akapewa jicho jeupe na binadamu akapewa jicho jeusi. Binadamu walisoma vizuri zaidi macho yenye weupe. Sokwe nao walisoma vizuri zaidi macho yenye weupe, ingawa yao wenyewe hayako hivyo. Kumbe weupe unasaidia macho yoyote kusomeka, kwa msomaji yeyote, hasa jioni na kwa mbali. Kilichobaki kwa binadamu ni kwamba kwetu jambo linalotokea kwa wachache limekuwa la wote. Kwa sokwe wa Ngogo weupe unatokea na kupotea. Kwetu umekaa. Kitu kinachokaa hivyo katika jamii nzima, kwenye kila bara, kwa watu wa kila rangi ya ngozi, sioni kama kimekaa kwa bahati tu.

Ingawa neno sare nalo linahitaji kutazamwa kwa haki. Wengi wetu tuliozaliwa na ngozi nyeusi tuna vidoa vya kahawia kwenye weupe wa jicho, hasa karibu na duara. Ni melanini ile ile, kwa kawaida haina madhara yoyote, na wala si uchafu. (Doa jipya linalokua au kubadilika kwa mtu mzima ni jambo la kumwonyesha daktari.) Nasema hivi kwa sababu yapo matone yanayouzwa kwa ahadi ya kuyafanya macho yawe meupe pe, na baadhi ya matone ya macho yana steroidi. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi, yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Weupe wa kupendeza si sababu ya kuhatarisha uwezo wa kuona.

Rangi nyingine ina maana yake. Mhudumu wa afya anapokuvuta kope ya chini hutafuta wekundu wa damu ndani yake. Wekundu huo ukipauka, ana wasiwasi na upungufu wa damu. Anapotazama weupe hutafuta umanjano, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi umanjano unaonekana jichoni mapema kuliko penginepo. Chanzo chake ni bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika, ambayo ini halijaweza kuiondoa kwa kasi inayotakiwa. Kwa mtoto mchanga, umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura ya hospitali, na kumwanika juani hakutoshi. Watoto wenye selimundu huwa na macho ya njano mara kwa mara kwa sababu chembe zao za damu hazidumu, na wengi wao wanaujua uchungu wa kutaniwa shuleni kwa rangi hiyo. Mwalimu anayesoma makala haya anaweza kuukomesha utani huo kwa dakika 5 za maelezo.

Na kuna wekundu. Hapa ndipo uwezo wetu wa kusoma macho umetufikisha pabaya.

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Tanzania, Mwanza, Shinyanga, Geita, Simiyu na Tabora, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa miaka mingi wakituhumiwa uchawi, na moja ya ishara zilizotajwa tena na tena ni macho mekundu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji hayo katika ripoti zake. Wengi wa waliouawa ni wanawake, mara nyingi wajane, mara nyingi wenye shamba ambalo mtu mwingine analitaka. Jirani aliyewatazama machoni akaona wekundu, akasoma ubaya.

Alichopaswa kusoma ni moshi. Mwanamke wa miaka 70 katika kijiji cha Usukumani huenda amepika tangu akiwa binti mdogo, juu ya mafiga matatu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kuni, kwa mabua ya mtama, na pale miti ilipokwisha, kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Anainama, anapuliza moto, moshi unampanda usoni. Utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho una mishipa midogo ya damu ambayo kwa kawaida haionekani. Ukichokozwa na moshi mara mbili au tatu kwa siku, kwa miaka 60, mishipa hiyo inavimba na kubaki imevimba. Ongeza vumbi na jua la shambani vinavyootesha kinyama cha jicho. Ongeza trakoma, ugonjwa wa kuambukiza unaokunja kope kwa ndani hadi nywele zake zikakwaruza jicho. Hayo ndiyo macho mekundu ya bibi. Ni alama ya watu aliowapikia, na miongoni mwao wamo wanaomtuhumu.

Ni jambo linaloumiza kulifikiria. Weupe ambao huenda ulikaa machoni mwetu kwa sababu watu walihitaji kuaminiana, umekuwa ukurasa ambao baadhi yetu wanauandikia hukumu ya kifo. Macho yanaonyesha mtu anatazama wapi. Yanaonyesha hofu, uchovu, ini lililolemewa, moshi wa jikoni. Hayaonyeshi uchawi, na hakuna mpiga ramli aliyewahi kuthibitisha vinginevyo mbele ya mtu anayehesabu.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Gesi ikifika kijijini macho ya kizazi kijacho cha bibi yatakuwa tofauti. Lakini bibi wa leo hana miaka mingi ya kusubiri. Kama unaye kijijini na macho yake ni mekundu, mpeleke kliniki ya macho. Mtoboleeni jiko dirisha, au mjengeeni lenye dohani, kazi ambayo vijana wawili na tofali chache wanaiweza. Na siku utakapomsikia mtu kilabuni au msibani akiyataja macho ya bibi kizee yeyote kama ushahidi, usinyamaze. Mkatalie palepale, mbele ya watu, na umweleze wekundu ule umetoka wapi.